Mwana Apendaye Mpira: Nasaha kwa Wazazi wa Kisumu na Kandokando ya Ziwa

Ni jambo maarufu kwa kila akaaye Kisumu kwamba mapenzi ya mpira wa miguu mtoto hayangoji kutoka kwa mwalimu wa shule. Huyakuta nyumbani, katika mazungumzo ya baba na ami zake juu ya Gor Mahia, klabu iliyoasisiwa mwaka 1968 na ambayo mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika baada ya kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunisia, mabao 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani. Basi si ajabu kwamba Kondele, Nyalenda na Manyatta, kila penye uwanja mtupu, alasiri haipiti pasipo wavulana, na siku hizi wasichana pia, wakifukuzia mpira wa makaratasi yaliyofungwa kamba. Kijitabu hiki kimekusudiwa mzazi ambaye mmoja wa hao ni wake, naye ametambua kwamba shauku ya mwanawe imepita kiasi cha kujifurahisha jioni.

Wazazi wa namna hiyo aghalabu huangukia katika mojawapo ya makosa mawili: ama humkataza mtoto kwa kuhofia masomo, naye akazoea kucheza kwa siri na kusema uongo, ama huitwaa shauku ile ikawa yao, wakamhesabia mabao, wakasimama ukingoni mwa uwanja wakimkaripia mbele ya hadhara, hata akawa anautazama uso wa baba kuliko mpira. Kwa rai yetu kosa la pili ndilo baya zaidi, maana aliyekatazwa hubaki na mapenzi yake, ilhali aliyenyang'anywa mchezo wake hana alichobakiwa nacho. Mchezo na uwe wa mtoto; dhima ya mzazi ni yale ambayo mtoto hana uwezo nayo.

La kwanza ni afya. Katika nchi hii ya ziwa, mchezaji aliyepungukiwa na pumzi huitwa mvivu upesi mno. Watoto wakimaliza kucheza hujitosa majini kuoga, na humo ukingoni penye majani mna konokono wabebao vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, kisha hukaa mwilini muda mrefu vikimdhoofisha, pengine mpaka tumbo limuume na choo kiwe na damu. Fauka ya hayo, malaria ya mara kwa mara humpunguzia mtu damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu hawezi kukimbia mchezo mzima hata angepewa kocha kutoka Ulaya. Kwa hiyo kabla hajalaumiwa, apelekwe zahanati akapimwe. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na aghalabu hunywewa mara moja tu. Na kwa chakula, ugali kwa omena na sukuma wiki humfaa kuliko unga wowote wa kopo uuzwao kwa jina la kukuza misuli.

Njumu za mtumba za soko la Kibuye zatosha, ila mzazi aache ile desturi ya kununua zilizozidi namba mbili na kuzijaza vitambaa kwa hesabu kwamba mtoto atazikulia, kwani mguu unaoteleza ndani ya kiatu ni rahisi kuteguka. Mtoto aende sokoni mwenyewe, avae soksi atakazochezea, asimame wima, kisha mzazi abonyeze mbele ya kidole chake kirefu: pakibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kiatu kimemkaa. Soli nayo ipindwe kwa mikono. Ikiwa gundi imeachana, asilipe.

Habari ya masomo haitaki maneno mengi. Michael Olunga, aliyeichezea Gor Mahia mwaka 2015, alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, hata mashabiki wakamwita Injinia; naye ndiye aliyefunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani mwaka 2020, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Wengi hawatafika huko, na hiyo ndiyo sababu daftari lisiwekwe kando. Na mwenye binti asidhani haya hayamhusu, kwani timu ya Kenya ya mpira wa miguu iliyotangulia zote kufika Kombe la Dunia, mwaka 2024, ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17.

Limebaki jambo litusikitishalo kuliko yote, nalo ni la watu wajiitao mawakala, ambao humjia mama muuza samaki na habari za majaribio ng'ambo, wakataka fedha ya viza na ya tiketi, hata akauza ng'ombe au akakopa katika chama. Mzazi ajue kwamba kanuni za FIFA, kifungu cha 19, hukataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa shughuli zisizohusu mpira. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA iwezayo kuchunguzwa, wala hadai malipo kwanza. Akishauri umri upunguzwe katika cheti cha kuzaliwa, afukuzwe papo hapo. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, mifupa ya kifundo cha mkono hupigwa picha kuupima umri, na aibu ikitokea humwangukia mtoto.

Kadhalika mzazi amjue kocha kwa uso na kwa makazi, ahudhurie mazoezi mara kwa mara bila kutoa taarifa, na asikubali mtoto alale safarini chumba kimoja na mtu mzima. Likitokea la kutilia shaka, apige simu ya watoto, 116, isiyolipiwa, au aende ofisi ya watoto iliyo karibu.