Kwanza Mikono Yako, Kisha Hospitali

Mwongozo wa dharura za watoto wadogo kwa wazazi, walezi na wafanyabiashara wa Kenyatta Market

Kenyatta Market iko karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901, na Hospitali ya Mbagathi nayo haiko mbali. Kwa hiyo mtoto akipatwa na jambo, wazo la kwanza la kila mtu hapa ni kumbeba na kukimbia. Mara nyingi ni wazo zuri. Lakini ubongo usiopata hewa huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi, na dakika hizo zinaweza kwisha kabla hujavuka barabara. Zipo dharura ambazo matibabu yake huanzia pale pale mtoto alipo, kwa mikono ya aliye karibu naye. Kijitabu hiki kinaeleza ni zipi, na ufanye nini.

1. MTOTO AMEPALIWA

Soko letu ni la nyama choma. Kipande cha nyama, mfupa mdogo, njugu karanga, peremende au ushanga wa nywele vyote vinaweza kuziba koo la mtoto.

Akiwa anakohoa kwa nguvu au analia, hewa bado inapita. Mwache akohoe, kaa naye, usimpige mgongoni. Hatari ni pale anapojaribu kukohoa au kulia na sauti haitoki. Tazama midomo, ulimi na fizi: zikianza kugeuka rangi ya kijivu au samawati, anza mara moja.

Chini ya mwaka mmoja:
• Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishika taya lake bila kubana koo.
• Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja.
• Kitu kisipotoka, mgeuze chali, weka vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu, ubonyeze mara 5.
• Rudia kwa zamu: mgongo 5, kifua 5.

Mwaka mmoja na zaidi:
• Muinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega.
• Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5.
• Rudia kwa zamu.

Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Usimpe maji, ndizi wala tonge la ugali ili "kishuke".

Akizimia, mlaze sakafuni na umwambie mtu apige simu. Bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, kina cha thuluthi moja ya unene wa kifua. Angalia mdomoni, toa kitu ukikiona, kisha mpulizie pumzi 2. Endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata kitu kikitoka na mtoto akacheza tena, mpeleke apimwe, hasa ikiwa ulimvuta tumbo.

2. MTOTO AMEUNGUA

Vibanda vya kusuka nywele vina hatari yao. Msusi akimaliza rasta, huchovya ncha zake katika maji yanayochemka ili zisifumuke. Kusuka huchukua saa nyingi, na mama aliyeshikwa kichwa hawezi kugeuka kumtazama mtoto anayetambaa kati ya viti. Maji hayo yakiwekwa sakafuni, yako usawa wa mkono wake.

Akiungua:
• Mwondoe kwenye moto au maji moto. Mvue nguo na bangili, isipokuwa nguo iliyoshikana na ngozi.
• Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Pasipo na bomba, jerikeni la lita 20 linatosha ukimimina lita moja kila dakika. Huku ukimimina, mfunike sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi.
• Funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazotoka, kisha mpeleke hospitali.

Usipake dawa ya meno, unga, mayai, samli wala mafuta. Vitu hivi hushikilia joto, huleta uchafu, na daktari hulazimika kuvikwangua ili aone kidonda. Usipasue malengelenge wala usitumie barafu.

Hapa kuharakisha kwenda hospitali kabla ya kupoza jeraha kunamuumiza mtoto zaidi, kwa sababu joto huendelea kuchoma ngozi kwa ndani. Mimina maji kwanza. Lakini ikiwa ameungua uso, amevuta moshi au anapumua kwa shida, ondokeni mara moja.

3. MTOTO ANA DEGEDEGE

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 akipandwa na homa kali anaweza kukakamaa, kugeuza macho na kutetemeka. Kwa mzazi, ni kama anamwona mtoto akimtoka. Mara nyingi hali hii hukoma yenyewe kabla ya dakika 5.

• Mlaze kwa ubavu, mbali na jiko na vitu vigumu. Legeza nguo shingoni.
• Tazama saa tangu mwanzo.
• Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu, usimwagie maji baridi.

Ikizidi dakika 5, usingoje ikome. Na hata ikikoma mapema, mtoto apimwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huweza kuanza hivyo.

4. MTOTO AMEKUNYWA MAFUTA YA TAA

Usimtapishe, usimpe maziwa. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Chukua chupa aliyokunywea, uende nayo hospitali.

KUONDOKA NA KUFIKA

Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mtu mmoja apige, mwingine abaki na mtoto. Ukitumia boda boda, mtu mzima akae nyuma akimpakata mtoto huku akitazama anavyopumua. Mtoto asiwekwe mbele ya dereva.

Ukifika, nenda moja kwa moja kitengo cha dharura. Usikae kwenye foleni kimya kwa adabu. Wahudumu hutanguliza mtoto asiyepumua vizuri, aliyepoteza fahamu au anayetetemeka, lakini lazima wajue. Sema kwa sauti:

"Mtoto wangu hapumui vizuri." Au: "Ametetemeka dakika saba."

Kisha taja umri, uzito, kilichotokea, saa, na dawa uliyompa. Kitabu cha kliniki kina mengi ya hayo. Kiweke mahali unapoweza kukichukua mara moja.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kuwa kosa kwa kituo chenye uwezo kukataa kutoa matibabu hayo. Mwandikishe mtoto katika SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) mapema kwa ajili ya gharama, lakini usimcheleweshe nyumbani ukitafuta pesa kwanza.

MZAZI NAYE

Mikono itatetemeka na huenda ukalia. Hilo ni la kawaida, wala halikuzuii kuhesabu hadi tano. Mwite mtoto kwa jina. Sauti yako humtuliza hata akiwa haoni vizuri.

Baada ya siku hiyo unaweza kukosa usingizi, kuamka kumsikiliza anavyopumua, au kuogopa kumlisha. Mweleze mwenzako au mhudumu wa afya, na isipopungua baada ya wiki chache, omba ushauri kliniki.

Kwa walio karibu: msimuulize mama alikuwa wapi. Anayeogopa lawama huficha na huchelewa, na mtoto ndiye hulipa. Chukueni mtoto mwingine, fungeni kibanda chake, mtafutieni gari. Mkono mmoja haulei mwana.

FANYENI WIKI HII

• Wasusi: maji moto yakae mezani, nyuma, yakiwa na kifuniko.
• Wachoma nyama: mteja akija na mtoto mdogo, mkatieni nyama vipande vidogo visivyo na mfupa.
• Wazazi: njugu nzima na peremende ngumu zingoje hadi miaka 5. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda.
• Kila safu ya vibanda: chagueni wawili wa kujifunza huduma ya kwanza kwa vitendo, na wekeni jerikeni moja la maji safi ambalo halitumiki kwa kazi nyingine.