Dondoo Muhimu: Orodha za Udhibiti wa Ufikiaji kwenye Swichi ya Cisco
Swichi husoma orodha kutoka juu kwenda chini na kuishia kwenye kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti. Kwa hiyo kanuni ya kompyuta moja hutangulia ile ya mtandao mzima. Zikipinduliwa, ya chini haifikiwi kamwe. Mwishoni mwa orodha kuna katazo lisiloandikwa: pakiti isiyoruhusiwa hutupwa. Hapo ndipo mafundi hujifungia nje, hasa wakifanya kazi kwa mbali. Kinga rahisi ni kuiagiza swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10 bila kuhifadhi mipangilio mipya. Mambo yakienda sawa, agizo hufutwa, ndipo mipangilio huhifadhiwa. Orodha za kawaida (namba 1–99) hukagua anwani ya chanzo tu, hivyo huwekwa karibu na pakiti zinakokwenda. Zile pana (namba 100–199) huwekwa karibu na zinakotoka.