Hofu baada ya ajali: jinsi ya kuithibitisha unapodai fidia

Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Hofu haionekani popote. Ndiyo maana mtu aliyeumia katika ajali anaweza kulipwa kwa ajili ya mkono wake, akakosa kulipwa kwa ajili ya usingizi alioupoteza.

Chukulia mfano wa mkazi wa Gatongora anayefanya kazi dukani jijini Nairobi. Matatu aliyoabiri inabingirika katika barabara kuu ya Thika. Mkono wake unafungwa plasta, na baada ya miezi miwili umepona. Lakini kila akifika steji moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anarudi nyumbani. Usiku anaiota ajali ileile. Mwezi wa nne anaachishwa kazi. Je, sheria inayatambua maumivu hayo?

Sheria inasemaje

Inayatambua, lakini kwa masharti. Fidia ya majeraha nchini Kenya ni ya aina mbili. Fidia mahususi ni ya pesa zilizotumika, kama vile dawa, nauli ya kwenda hospitali na ada ya daktari. Ni lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kwa stakabadhi. Fidia ya jumla ni ya maumivu, mateso na kupungukiwa na raha ya maisha. Kiwango chake huamuliwa na mahakama kwa kuangalia kesi za awali zinazofanana.

Woga na uchungu wa kawaida unaoandamana na jeraha huhesabiwa ndani ya maumivu na mateso. Anayedai kwamba akili yenyewe iliumia anahitaji zaidi: ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, kama vile sonona au maradhi ya kiwewe, na ushahidi kwamba ulisababishwa na ajali hiyo.

Funzo kutoka London

Zaidi ya Wakenya 40,000, wakiwemo wazee wengi wa eneo la Kati, waliishtaki serikali ya Uingereza kuhusu mateso ya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Katika kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Kimathi, Mahakama Kuu ya London iliamua mwaka 2018 kwamba hofu peke yake, bila jeraha la mwili wala ugonjwa wa akili, si jeraha kisheria. Baadaye mwaka huohuo kesi yao ilitupiliwa mbali. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini maamuzi ya Uingereza hurejelewa sana hapa. Funzo ni kwamba kuogopa kweli ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba hofu hiyo imekuwa ugonjwa ni jambo jingine.

Ushahidi wa kukusanya

1. *Rekodi za mapema.* Ripoti ajali kituo cha polisi, upate nambari ya OB, kisha uchukue abstrakti na fomu ya P3. Ukitibiwa Ruiru Level 4, Thika Level 5 au kwingineko, mweleze daktari kuhusu usingizi, ndoto na hofu, siyo mkono pekee. Jambo lisiloandikwa kwenye kadi ya matibabu huwa vigumu kuaminiwa miaka miwili baadaye.

2. *Ripoti ya mtaalamu.* Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ripoti itaje ugonjwa, chanzo chake, matibabu na muda unaotarajiwa wa kupona. Ikiwa uliwahi kuugua kabla ya ajali, sema. Wakili wa upande wa pili akigundua ulificha, ushahidi wako wote utatiliwa shaka.

3. *Mashahidi wa nyumbani na kazini.* Mume, mke, jirani au mwajiri aeleze mabadiliko aliyoyaona mwenyewe. Barua ya kuachishwa kazi na rekodi za kutofika kazini ni ushahidi pia.

4. *Mwendelezo wa matibabu.* Hudhuria kliniki na vikao vya ushauri nasaha, na utunze stakabadhi zote. Anayedai kuugua lakini hakurudi kwa daktari ataulizwa sababu.

Mdai hatakiwi kuondoa kila shaka. Katika kesi ya madai, inatosha kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Muda na mahali

Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mdai anaweza kujisimamia mwenyewe na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Wakazi wanaweza kuuliza utaratibu katika mahakama za Ruiru na Thika. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Tahadhari: kampuni ya bima ikileta hati ya malipo ya mwisho wiki chache baada ya ajali, usitie sahihi kabla ya kupata ushauri. Mara nyingi sahihi hiyo hufunga madai yote, na hofu huenda ikajitokeza plasta ikishatolewa.

Hata kama kesi haitafunguliwa, matibabu yasisubiri. Daktari anayeandika ushahidi wako ndiye pia anayeweza kukusaidia kupanda matatu tena.