Kompyuta ya Michezo na Mfumo Endeshi wa Ulinzi: Somo kwa Wenye Vibanda wa Mpakani

Somo la safari hii linahusu kompyuta za mkononi zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo. Kijana huinunua ikiwa imekwisha tumika, huchezea mpira usiku, na mchana huiweka mezani katika kibanda chake cha kuchapa barua, kutoa kopi na kutuma pesa kwa simu. Ndani ya mashine hiyo moja mna michezo iliyonakiliwa kutoka flashi isiyojulikana ilikotoka, na papo hapo mna picha za vitambulisho vya taifa, kadi za wakimbizi na hati za kusafiria za watu waliovuka Oraba au Vurra asubuhi ile.

Mchezo wa kunakiliwa kiholela huweza kuja na programu iliyofichwa, inayosoma kila herufi unayobonyeza. Katika kompyuta ya kawaida programu nyingi huishi kama watu wa chumba kimoja: ile iliyoingia kwa idhini yako huweza kufikia barua pepe zako, picha zako na mafaili ya wateja wako. Programu ya kupambana na virusi husaidia, lakini mwizi mpya asiyejulikana bado huweza kuipita.

Mwaka 2010 mtaalamu wa Poland, Joanna Rutkowska, pamoja na wenzake, walitangaza mfumo endeshi uitwao Qubes OS, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2012. Hutolewa bure. Waliotunga mfumo huu walikubali tangu mwanzo kwamba hakuna programu isiyo na kasoro, na kwamba iko siku mwizi ataingia. Wakajiuliza: akiisha kuingia, atafika wapi? Fikirieni boma la huku kwetu. Jiko liko peke yake, ghala peke yake, nyumba ya kulala peke yake. Aliyevunja jiko ataondoka na sufuria, ila mtama ulio ghalani haujaguswa.

Qubes huigawa mashine moja kuwa kompyuta pepe kadhaa, kila moja na kazi yake: moja ya biashara, moja ya mambo ya nyumbani, moja ya kutunzia nywila ambayo haiunganishwi na intaneti kabisa. Kila dirisha lina fremu ya rangi inayomwonyesha mtumiaji yumo chumba gani. Faili lenye kutiliwa shaka hufunguliwa katika chumba cha muda, na ukikifunga chumba hicho kinafutika pamoja na kilichokuwamo.

Je, kompyuta ya michezo inaufaa mfumo huu? Kwa nguvu, mara nyingi inafaa. Qubes hudai kumbukumbu ya angalau GB 6 na hupendekeza GB 16, pamoja na diski ya kasi ya GB 128. Prosesa iwe na uwezo wa kuendesha kompyuta pepe, uwezo ambao wakati mwingine umo ila umezimwa katika mipangilio ya awali ya mashine. Taabu iko kwenye kadi ya michoro. Wenye mfumo wanapendekeza michoro ya Intel iliyojengwa ndani ya prosesa. Kadi za Nvidia, zinazopatikana katika mashine nyingi za michezo, huweza kuacha skrini nyeusi na kumchosha fundi kwa siku nyingi. Tazama kwanza orodha yao ya mashine zilizojaribiwa.

Jambo la pili huwaudhi vijana, nalo lisemwe wazi kabla hawajafuta diski: vyumba vile kwa kawaida havipewi nguvu ya kadi ya michoro. Mpira hautachezeka. Kuweka Qubes na Windows katika mashine moja nako hakushauriwi, kwa sababu upande usio salama huweza kuchezea sehemu inayowasha upande salama.

Kwa maoni yangu, mwenye kibanda asiye na fundi wa karibu asianze na Qubes. Atafute kompyuta ya pili, hata kuukuu na dhaifu, aweke Linux Mint, na wakati wa kuiweka achague diski nzima isimbwe kwa neno la siri. Hiyo iwe ya wateja tu. Ya michezo ibaki ya michezo, na flashi isihame kutoka hii kwenda ile. Huo nao ni mgawanyo wa vyumba, ingawa wa gharama ndogo.

Watu huuliza kama polisi watamshuku mwenye diski iliyofungwa. Kufunga diski yako si kosa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kutoa taarifa kwa mamlaka zikivuja. Kosa, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, ni kuingia katika kompyuta ya mwenzako bila idhini. Uchunguzi ukihitaji kilicho ndani, zipo taratibu za kisheria za kumtaka mwenye mashine aifungue.

Neno la siri likisahaulika, msije kituoni mkitumaini fundi wetu atalifufua. Mwandishi wa somo hili ana diski yenye picha za harusi ya dada yake, na mpaka leo haijafunguka. Wekeni nakala ya pili mahali pengine. Tena, hakuna mfumo unaomlinda mtu anayemtajia mpigaji simu namba yake ya siri ya pesa.

Anayenunua mashine iliyotumika adai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya usajili wa mashine, na mauzo yafanyike mbele ya shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa LC1. Afute diski nzima kabla ya kuanza kazi, na mfumo mpya aupakue kutoka kwa wenyewe. Ikiibwa, aje kituoni siku hiyo hiyo na risiti ile, aeleze ilikuwa na taarifa za akina nani na kama diski ilikuwa imefungwa.