SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUPIMA KASI NA NGUVU YA BUNDUKI YA MKUKI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa mwambao wanaarifiwa kuwa somo hili limekusudiwa kwa yeyote anayelazimika kuikagua, kuihifadhi au kuitolea maelezo bunduki ya mkuki itumikayo chini ya maji. Mara nyingi zana hiyo huelezwa kwa neno moja tu, "kali". Neno hilo si kipimo. Aliyemo majini, awe mzamiaji, mkulima wa mwani au mtoto aogeleaye, hudhurika kwa uzito wa mkuki na kasi yake, na vyote viwili hupimika kwa vyombo vya kawaida.

Ifahamike kuwa somo hili halimpi mtu ruhusa ya kuvua kwa zana hiyo. Uvuvi wa Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake. Anayetaka kujua zana ipi inaruhusiwa na wapi, amwone Bwana Diko au afisa wa uvuvi wa wilaya yake kabla ya kuingia majini.

1. Nishati iliyomo katika mpira

Bunduki ifungwe imara juu ya meza, mkuki ukiwa umeondolewa. Mpira uvutwe kwa mizani ya kuning'iniza yenye uwezo wa kilo 50, na uzito usomwe kila baada ya sentimita 10. Mpimaji avae miwani ya kukinga macho, kwani kulabu ikichomoka mpira hurudi kwa nguvu.

Tuchukue mfano wa masomo haya: kilo 15, 22, 27, 32, na 40 mpira ufikapo sentimita 50. Somo la mwisho lichukuliwe nusu, kisha yote yajumlishwe: 15 + 22 + 27 + 32 + 20 = 116. Zidisha kwa mita 0.1, kisha kwa 9.8. Jibu ni jouli 114 hivi. Hiyo ndiyo nishati iliyowekwa katika mpira.

2. Kasi ya mkuki

Kasi ipimwe majini, kamwe isipimwe nchi kavu. Hewani mkuki haupati kizuizi cha maji, na kamba yake ikikaza unaweza kumrudia mpigaji. Ubao wenye alama za kila sentimita 10 uzamishwe sambamba na njia ya mkuki, ukianzia sentimita 60 mbele ya ncha, ili mpira uwe umekwisha kusukuma. Kamera ya chini ya maji inayopiga picha 240 kwa sekunde iwekwe ubavuni. Ubao uwe karibu sana na njia ya mkuki. Ukiwa nyuma mno, mkuki utaonekana umekwenda mbali kuliko ilivyo kweli.

Ikiwa ncha imepita mita 1 kwa picha 12, muda ni 12 gawanya kwa 240, yaani sekunde 0.05. Kasi ni mita 20 kwa sekunde. Kosa la picha moja tu hubadili kasi kwa asilimia 8 hivi, na nishati kwa asilimia 16 au zaidi. Kwa hiyo mpigo urudiwe mara tano na wastani uchukuliwe.

3. Hesabu ya nguvu

Mkuki upimwe uzito. Ukiwa gramu 400, nishati yake ni nusu ya 0.4 mara 20 mara 20, yaani jouli 80. Kati ya jouli 114 za mpira, asilimia 70 hivi imefika katika mkuki. Iliyosalia imepotea katika ukinzani wa maji, msuguano, joto la mpira wenyewe na kurudi nyuma kwa bunduki.

4. Kuongeza mpira wa pili

Wengi hudhani mipira miwili huleta kasi maradufu. Sivyo. Nishati ikiongezeka mara mbili, kasi huongezeka kwa mara 1.4 tu, kutoka mita 20 hadi 28 kwa sekunde. Nishati ya kumdhuru mtu, hata hivyo, huwa imeongezeka mara mbili kamili, na mkono wa mpigaji hupokea kishindo kikubwa zaidi. Mvuvi anapata faida ndogo katika kasi, na jirani yake anabeba hatari yote.

5. Tahadhari

(a) Bunduki isitiwe mpira wala kuachwa imetegwa nje ya maji, si chomboni wala ofisini.

(b) Kizuizi cha kifyatulio kisiaminiwe peke yake, mpira ulegezwe.

(c) Wakati wa kupima, watu wote wakae nyuma ya mpigaji.

(d) Mkuki usielekezwe mahali ambapo macho hayafiki. Maji yakiwa machafu, kipimo kiahirishwe.

Taarifa ya ukaguzi itaje urefu wa bunduki, idadi ya mipira, uzito wa mkuki, kasi na nishati. Kwa taarifa ya namna hiyo, mwenye zana, sheha na afisa watazungumza jambo moja, na uamuzi utakaotolewa utasimama juu ya kipimo badala ya dhana.