Mafuriko Hayana Matanga

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na wasomaji wengine wataniwia radhi, maana leo nafasi yote naitumia kwako. Umeniruhusu nieleze kisa chako bila jina, basi nakieleza kwa ufupi ili wenzako watufuate.

Ulikuwa na miaka saba Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake pale Kilosa, mwishoni mwa Desemba 2009. Mama alikwambia umshike mkono mdogo wako wa miaka minne. Gizani, maji yamekufika kiunoni, mkono ukaponyoka. Mtoto aliokolewa na jirani, mkamkuta kesho yake anakunywa uji. Mkahamia kwenye mahema pamoja na maelfu ya wenzenu. Leo unapika kwa mama lishe Mikumi, kando ya barabara kuu, na ndoto bado inakufuata. Maji yanaingia mlangoni, wewe unatafuta kandambili za mdogo wako, huzioni, unaamka shuka limelowa jasho. Inakuja zaidi usiku ambao malori ya Tunduma yameegeshwa nje yakiunguruma.

Shangazi anasema ni jini wa mto. Amekupeleka kwa mganga mara mbili na hirizi unayo. Rafiki yako aliyeko chuo anasema kwa Freud ndoto zote ni tamaa za mwili, nawe tangu akwambie hivyo unaona aibu hata kulala. Swali la tatu umeliweka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo: kwa nini niote haya wakati kwetu hakufa mtu?

Nianze na rafiki yako, maana hilo ni jepesi. Sigmund Freud alikuwa daktari wa Vienna, Austria. Kitabu chake cha kufasiri ndoto kilitoka Novemba 1899, ingawa mchapishaji alikiwekea mwaka 1900. Ni kweli alifundisha kwamba ndoto hubeba matakwa tuliyoyazika, na mengi ya matakwa hayo aliyahusisha na mapenzi. Lakini rafiki yako kaishia njiani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza madaktari walipokea askari ambao kila usiku walirudi vitani usingizini, mlipuko uleule, hofu ileile. Nani anatamani kurudi kwenye mlipuko? Mwaka 1920 Freud aliandika mwenyewe kwamba ndoto za namna hiyo haziingii kwenye kanuni yake. Aliona kwamba nafsi inarudi pale iliposhtukizwa, inarudi tena na tena, kama inayojaribu kujiandaa kwa pigo lililokwisha kuipata. Hapo ndipo ulipo wewe. Mto haukupiga hodi. Vua hiyo aibu, mdogo wangu, haikuwa yako tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine la Freud ambalo mimi nalithamini kuliko hayo yote, na watu hawalisimulii. Unavijua vile vitabu vya ndoto vinavyouzwa stendi: nyoka ni adui, jino likidondoka ni msiba, maji machafu ni maradhi. Freud alianza kwa kukataa kazi ya namna hiyo (baadaye naye alinogewa na kuorodhesha alama, na hapo mimi simfuati). Alichofanya ni kuichukua ndoto kipande kwa kipande na kumwuliza mwotaji mwenyewe: hiki kinakukumbusha nini? Sema chochote kinachokujia, hata kama unakiona cha kipuuzi. Maana ya ndoto iko kwa aliyeiota. Daktari anasaidia kuitafuta tu. Kwa hiyo mimi nikiulizwa juu yako nitauliza kandambili zile zilikuwa za rangi gani, nani alizinunua, na siku gani. Nilitaka pia kukwambia kwamba muungurumo wa malori ndio muungurumo wa mto, maana Freud alisema ndoto huokota masalio ya siku hiyohiyo. Lakini naona nimeshaanza kukutafsiria. Hilo naliacha, ulitazame mwenyewe.

Carl Jung, daktari Mswisi aliyekuwa karibu na Freud hadi walipoachana mwaka 1913, alikuja kuzitafuta ndoto huku kwetu. Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaendelea mpaka Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alikaa na wazee kwenye vikao ambavyo katika kumbukumbu zake anaviita kwa neno letu hilihili, shauri. Aligawa sigara na pini, akaomba wamsimulie ndoto. Walimsimulia mengine. Ndoto, hapana. Mzee mmoja mganga akamwambia kwamba zamani waganga waliota na kujua kama vita au maradhi yanakuja, ila tangu Wazungu waingie hakuna anayeota tena, kwa sababu Waingereza wanajua kila kitu.

Jung alisikitika, akaona jamii iliyonyang'anywa dira yake. Huenda ndivyo. Lakini mimi nikimsikiliza yule mzee nasikia pia mlango unafungwa kwa adabu. Mgeni wa wiki chache, mwenye pini mfukoni, umpe ndoto yako aende nayo wapi? Ndoto hupewa mtu atakayekuwepo kesho.

Sasa shangazi. Usimvunjie heshima, alipoona unateseka hakukaa kimya, na ni wangapi wamekaa kimya? Kinachonisumbua ni kitu ulichokiandika bila kukitilia mkazo: kwamba mganga alikutajia jini kabla hujafungua mdomo. Mara mbili umekwenda, mara mbili umerudi, na hakuna aliyekuuliza usiku ule ulikuwaje. Hirizi ukipenda ibaki shingoni. Usiku ule bado haujasimuliwa.

Nimefika kwenye swali lako la herufi ndogo, la kwamba kwenu hakufa mtu. Baba yangu alipofariki, mtani wetu alikuja, akakalia kiti cha marehemu, akaagiza chai kwa sauti ya baba hasahasa. Mama alicheka mpaka akalia, na kilio kile ndicho kilichomfungua kifua, maana kwa siku mbili hakuwa ametoa hata chozi. Watu wa Kilosa hamhitaji kufundishwa utani. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefika kwenu, kwa Wakaguru, mwaka 1957, aliandika makala mwaka 1966 kuhusu utani na kifo, na anaeleza kwamba kazi ya kuwasafisha wafiwa ni ya mtani. Ndugu hawezi, kwa kuwa naye amefiwa. Anatakiwa mtu wa pembeni, aliye karibu kiasi cha kuingia ndani na mbali kiasi cha kutozama nanyi.

Mafuriko hayana matanga. Maji yalipita, yakaja mahema na chakula, watu wakaambiwa wamshukuru Mungu wako hai. Ni kweli, wa kushukuru. Lakini nyumba haizikwi, na mkono ulioponyoka hauna kaburi. Hakuna aliyekaa nanyi siku tatu, hakuna mtani aliyekuja kukuigiza ukitafuta kandambili mpaka ucheke, ulie, ulale. Mtoto wa miaka saba alibaki na msiba ambao hata jina haukupewa, kisha akajiambia hana haki ya kulia kwa sababu hakufa mtu. Mdogo wangu, haki hiyo unayo.

Kwa hiyo nikikwambia umtafute mnasihi, mtu wa pembeni kama mtani, sikupeleki ugenini. Namna ya kukaa ni tofauti tu. Freud aliwalaza wagonjwa wake kwenye kochi lililotandikwa zulia la Uajemi, naye akakaa nyuma ya vichwa vyao asionekane. Kochi hilo lipo mpaka leo London, katika nyumba aliyofia mwaka 1939. Wengi wanalishangaa. Mimi nakumbuka kusukwa: umekaa mkekani kati ya magoti ya msusi, uso wako unatazama mlangoni, mikono yake iko kichwani mwako, na unajikuta unasema mambo ambayo usingeyasema mkitazamana. Ila msusi naye ana ulimi wake, na baada yako anasuka mwingine. Mnasihi wa kweli anabaki na maneno yako. Hilo ndilo uliulize siku ya kwanza kabisa: nikisema, yanaishia hapa?

Usishangae pia ukianza kwa Kiswahili ukajikuta unamalizia kwa Kikaguru. Bertha Pappenheim, binti wa Vienna aliyetibiwa na Josef Breuer, rafiki wa Freud, kati ya 1880 na 1882, alifika mahali Kijerumani chake kikampotea, akawa anazungumza Kiingereza tu. Na ni yeye mgonjwa, si daktari, aliyeipa kazi ile jina la tiba ya kuongea. Usiku ule mama alikupigia kelele kwa lugha gani? Anzia huko.

Na ukiona mnasihi anakulazimisha maana, ondoka. Mwaka 1900 Freud aliletewa na baba mzazi binti wa miaka 18, ambaye kwenye maandishi alimwita Dora. Binti alilalamika kwamba rafiki wa baba yake alikuwa akimsumbua. Freud aliamini kwamba tukio lilitokea, lakini akang'ang'ania kwamba ndani ya moyo wake binti alimtaka yule bwana. Baada ya majuma kumi na moja, siku ya mwisho ya mwaka, Dora aliaga na hakuendelea. Alifanya vizuri. Daktari alikuwa na elimu kubwa, na bado hakumsikia mtoto wa watu.

Kochi hutalikuta Kilosa wala Mikumi, na wanasihi wa siku hizi wana njia zao mpya, nyingi fupi kuliko za Freud, aliyekaa na watu miezi na miaka. Nenda hospitali, useme waziwazi kwamba unataka kuonana na mtu wa afya ya akili, au muulize afisa ustawi wa jamii. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa. Jina la Mirembe watu wamelifanya tusi, nalo linanikera kupita kiasi, maana ni hospitali ya afya ya akili, na wanaokwenda huko ni wagonjwa kama wa malaria. Na kama zitapita siku kadhaa hujalala kabisa, au likakujia wazo la kutotaka kuishi, usinisubiri mimi. Nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Alfred Adler, daktari mwingine wa Vienna aliyeachana na Freud mwaka 1911, alikuwa na swali alilopenda kuwauliza wagonjwa: ungepona leo, ungefanya nini? Nami nakuuliza. Ndoto ikikoma usiku huu, kesho ungefanya nini ambacho sasa hukifanyi? Unasema hujakanyaga Kilosa kwa miaka mitano, na mdogo wako ni kijana sasa, anaendesha bodaboda Kimamba, mnatumiana salamu na pesa kwa simu. Barua nzima umemtaja mara tisa, nimehesabu, na kila mara ana miaka minne. Umewahi kumwuliza yeye usiku ule anaukumbukaje?