Maji Matupu Hayatoshi!

Tuseme uko nyumbani Kongowe, Kibaha. Mdogo wako ameharisha tangu alfajiri. Macho yameingia ndani, misuli ya miguu inakaza, halafu anahema kwa nguvu kama aliyetoka mbio. Bibi anasema, "Mpe maji tu, mjukuu wangu." Je, yanatosha?

Hayatoshi! Damu ina chumvichumvi, kitaalamu elektrolaiti. Viwango vya kawaida vya mtu mzima, kwa lita moja, ni takriban hivi:

• Sodiamu: milimoli 135 hadi 145. Hushikilia maji mwilini.
• Potasiamu: milimoli 3.5 hadi 5.0. Huwezesha misuli na moyo kufanya kazi. Ikizidi au ikipungua sana, moyo unaweza kusimama.
• Bikabonati: milimoli 22 hadi 28. Hupunguza asidi.

Hewa iliyomo kwenye damu nayo hupimwa, kwa damu ya ateri. Oksijeni huwa milimita 75 hadi 100 za zebaki, na kabonidayoksaidi 35 hadi 45. Kipimo cha asidi, yaani pH, ni 7.35 hadi 7.45 tu.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Kuharisha sana, kama kwa kipindupindu kilichoikumba Dar es Salaam mwaka 2015, hutoa maji pamoja na chumvi zote hizo. Bikabonati ikipungua, asidi inazidi kwenye damu. Mapafu yanajaribu kuokoa jahazi kwa kutoa kabonidayoksaidi haraka haraka. Ndiyo maana anahema vile!

Ufanyeje?

1. Hizo ni dalili za hatari. Mpeleke kituo cha afya mara moja, huenda akahitaji dripu.
2. Kama anaweza kunywa, mnyweshe ORS kidogo kidogo, hata mkiwa njiani. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.
3. Hakuna ORS? Maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko. Vijiko viwe vya usawa, visijae kilima! Sukari husaidia utumbo kunyonya sodiamu, na maji hufuata.

Na dafu je? Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Jipime: Kwa nini chumvi bila sukari haifai? Mweleze rafiki yako, halafu mwelezeni na bibi!